Keria ya juu ya gari kwa baiskeli tatu: nianzie wapi?

Mwalimu_Uyole

Habari za leo, ndugu zangu. Ninafundisha vijana wa mtaani kwetu hapa Uyole mazoezi ya baiskeli, na kila mwisho wa mwezi tunakwenda Tukuyu, mara nyingine tunateremka hadi Matema kwenye Ziwa Nyasa. Gari langu ni Toyota RAV4 ya mwaka 2004, ya milango mitano, yenye reli mbili juu. Mpaka sasa baiskeli tumekuwa tukizilaza ndani baada ya kukunja viti vya nyuma, hivyo nabaki na nafasi ya kijana mmoja tu, na wenzake wawili hulazimika kupanda Coaster na kutusubiri stendi, jambo ambalo silipendi hata kidogo kwa sababu ni watoto wa watu na nimekabidhiwa mimi.

Nahitaji keria ya kubeba baiskeli tatu, hema moja na mipira. Fundi wa kuchomelea pale Mwanjelwa yuko tayari kunitengenezea keria ya mabomba ya mraba kwa bei ninayoimudu. Duka la vipuri nalo lina vyuma viwili vya alumini vilivyotumika, vya kukingamisha juu ya reli, pamoja na miguu yake, kwa karibu mara mbili ya bei hiyo. Je, tofauti hiyo ya bei ina maana yoyote, au nitakuwa nimelipia jina tu?

Fundi_Mstaafu_Iringa

Mwalimu, kabla ya kulinganisha bei, lijue kwanza paa la gari lako. Kila mtengenezaji huweka kikomo cha uzito ambao paa linaweza kubeba gari likiwa kwenye mwendo, na kwa magari mengi madogo kikomo hicho huwa kati ya kilo 50 na 100. Kitafute kwenye kitabu cha gari. Hata kama kitabu chako kimeandikwa Kijapani, kama ilivyo kwa magari mengi tunayoagiza, tafuta ukurasa wenye mchoro wa gari lililobeba mzigo juu, na tarakimu iliyofuatwa na "kg" utaiona.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba keria yenyewe inahesabiwa ndani ya kikomo hicho. Tuchukulie, kwa mfano, kikomo ni kilo 75. Vyuma viwili vya alumini na miguu yake vina takribani kilo 6, vishikio vitatu vya baiskeli kilo 4 kila kimoja, na baiskeli tatu za kilo 14 ni kilo 42. Jumla yake ni kilo 60, na unabaki na nafasi ya kupumua. Keria ya mabomba ya chuma inaweza kufika kilo 30 ikiwa tupu. Ukiongeza baiskeli zilezile umefika 72, na hapo bado hujafunga kishikio hata kimoja. Nimechomelea keria nyingi katika maisha yangu ya kazi na siwadharau mafundi wenzangu, lakini kazi hiyo inafaa zaidi gari la mizigo lenye mfereji wa mvua pembeni mwa paa kuliko gari kama lako.

Ukiamua kuchomelea hata hivyo, msimamie fundi ili keria ishike kwenye reli, kwa vibano vyenye mpira katikati. Miguu ikikanyaga bati la paa, bati litabonyea, rangi itapasuka, na kwa mvua za Rungwe kutu itaingia kabla mwaka haujaisha.

Dada_wa_Mafinga

Naungana na mzee wangu hapo juu, naye naomba apokee shikamoo yangu. Mimi na mume wangu tunasafiri na baiskeli mbili juu ya gari kati ya Mafinga na Mbeya, na nilichojifunza zaidi ni habari ya upepo. Pale Makambako upepo wa ubavuni huligusa gari kweli kweli, na baiskeli zilizosimama juu huupokea wote. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 100, inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Tukiwa na baiskeli hatuzidi 80, na mafuta pia tunayaokoa.

La pili ni kimo. Mwaka jana tuliingia kwenye nyumba ya wageni usiku, mvua ikinyesha, nikiwa nimechoka, na geti lilikuwa na bomba la chuma lililokingama juu. Nilisikia mlio mmoja mkavu. Usukani wa baiskeli ya mume wangu ulikuwa umepinda, na mguu mmoja wa keria uling'oka na kuacha mchubuko mrefu kwenye paa. Sasa tumepima kuanzia ardhini hadi kwenye usukani wa baiskeli ndefu, tukapata mita 2.9, na namba hiyo imebandikwa mbele ya dereva.

Mwalimu_Uyole

Nawashukuru sana. Kitabu nimekipata chini ya kiti na tarakimu nimeiona: hesabu ya alumini inatosha, ya mabomba haitoshi, kwa hiyo nimekwishamwomba radhi yule fundi. Swali lililobaki ni vishikio. Duka lina aina mbili: kimoja kinabana uma wa mbele baada ya kutoa gurudumu, kingine kina mkono unaoshika fremu huku magurudumu yote mawili yakiwa mahali pake. Vilevile, kuna jirani anayenishauri nizifunge baiskeli nyuma ya gari badala ya juu.

Fundi_Mstaafu_Iringa

Nyuma ya gari lako tairi la akiba limefungwa mlangoni, kwa hiyo keria ya mikanda haitakaa vizuri, na namba ya gari itafichwa.

Kuhusu vishikio, ziangalie kwanza baiskeli za vijana. Kama ni za mtumba, nyingi huwa na gurudumu la mbele lililofungwa kwa nati, na kufungua nati sita kwa spana asubuhi, kisha kuzifunga tena Tukuyu, kutawachosha. Zaidi ya hapo, kijana mmoja akikaza vibaya, gurudumu linaweza kuchomoka akiwa anateremka. Chukua kinachoshika fremu. Fremu za chuma zinavumilia kubanwa, ingawa za kaboni hazipaswi kubanwa hivyo. Baiskeli ya katikati igeuze ielekee nyuma ili sukani zisigongane, na vile vyuma viwili viache nafasi ya sentimita 70 hivi kati yao.

Hema na mipira viweke ndani. Juu usitumie mipira ya tyubu kama ya bodaboda, kwa sababu inanyumbuka. Tumia mikanda yenye bizimu. Safari ya kwanza, simama Isyonje ukaze kila nati upya, kisha simama tena Kiwira, kwa maana vibano vipya hulegea vikishaanza kukaa mahali pake.