Tupeane uzoefu: rikwesti ikiwa bado haijarudi, fronti-endi yako (upande wa app anaouona mtumiaji) inafanyaje?

fundi_wa_fronti: Wakuu habari zenu. Naomba tukusanye uzoefu wa jambo moja tu, data umeshaiomba seva na bado haijarudi, hali hiyo mnaishikaje kwenye kodi. Naanza mimi. Projekti nyingi za React (laibrari ya JavaScript ya kujengea kurasa) ninazopewa kurekebisha nakuta isLoading, isError na data kila kimoja na useState yake (kitunza hali cha React), sasa hizo zinaweza kuwa kweli zote kwa pamoja, spina (kiduara cha kusubiri) inazunguka, chini yake era imeandikwa, na data ya juzi nayo ipo, mtumiaji aamini ipi? Mimi nazifuta zote naweka status moja yenye idle (haijaanza), loading (inasubiri), success (imefaulu) na error (imeshindikana), haiwezi kuwa mbili kwa wakati mmoja. Ukiwa na TypeScript (JavaScript yenye aina za data) na umezipanga aina zako vizuri ndo raha kabisa, kompaila inakukatalia kugusa data kabla haijawa success. Leteni na zenu.

bandarini_dev: Umegusa penyewe mkuu. Iliyotutesa sisi ni sehemu ya kutafuta bidhaa, mteja anaandika "sim" halafu anamalizia "simu", zinaenda rikwesti mbili, ofisini WiFi ina kasi hakuna aliyeona shida. Mtandao ukisuasua jibu la "sim" linachelewa linakuja kufunika la "simu", mteja anaona vitu ambavyo hajaomba. Kusubiri aache kuandika ndo utume kunapunguza tu, hakumalizi. Dawa ni AbortController (kitu cha kukatisha rikwesti), unapitisha signal yake kwenye fetch (amri ya JavaScript ya kuomba data), useEffect (kodi ya React inayotuma hiyo rikwesti) ikijisafisha kabla ya kutuma mpya unaita abort() basi ile ya zamani inakufa. Ila ukiabort, catch (sehemu ya kodi inayopokea era) inapata AbortError, hiyo msimwonyeshe mteja kama era maana hakuna kilichoharibika.

mama_kodi: Na mnaotumia fetch, 404 (hakipatikani) na 500 (seva imekwama) haziendi kwenye catch jamani! Angalieni wenyewe response.ok, inayosema kama seva imejibu vizuri. Nimeshaona oda imekataliwa na seva huku skrini inasema asante kwa kununua.

dev_wa_malipo: Mimi niko kwenye malipo ya M-Pesa kwa STK push (ombi la kuweka PIN linalotokea kwenye simu ya mteja) na huku mambo ni mazito zaidi maana ni hela ya mtu. Lile jibu la kwanza linalorudi linasema tu ombi limepokelewa, mteja hata PIN hajaweka, matokeo yenyewe yanakuja baadaye kwenye kolibeki ya seva yako (anwani ambayo M-Pesa inaitumia taarifa). Kwa hiyo rikwesti kufanikiwa na malipo kufanikiwa ni vitu viwili tofauti kabisa, ukivichanganya unatoa mzigo bure. Tuliongeza hali ya "inasubiri uthibitisho", fronti inauliza seva yetu kila baada ya sekunde chache, muda ukipita bila jibu tunamwambia mteja bado tunafuatilia asilipe tena, hatuandiki imeshindikana wakati hatujajua. Na kuzima batani peke yake hakutoshi, mtu anarifreshi peji anabonyeza upya, ndo maana kila oda ina namba yake na seva ikiiona mara ya pili inarudisha jibu lile lile haitumi STK nyingine.

kijana_wa_kashe: Mengi mnayoandika kwa mkono TanStack Query (laibrari ya kuomba na kutunza data) inakupa. Ila someni difolti zake, staleTime (muda ambao data inahesabiwa bado mpya) ni 0 kwa hiyo mtu akitoka kwenye tabu ya brauza na kurudi inaomba upya, wateja wetu wa bando wanaumia, ipandisheni kwa data isiyobadilika sana. Pia kwa kusoma data inajaribu tena mara 3 kabla ya kutoa era, ndo maana spina inakaa muda mrefu seva ikiwa chini. Mutation (rikwesti ya kubadilisha data) haijaribu tena yenyewe, na kwa malipo ndo inavyotakiwa.

fundi_wa_fronti: @dev_wa_malipo hiyo hali ya kusubiri uthibitisho mnaitunza wapi mtu akifunga brauza katikati?

dev_wa_malipo: Kwenye seva mkuu. Fronti inabaki na namba ya oda tu kwenye URL, ikifunguka upya inauliza oda hii imefikia wapi, inaendelea kutokea hapo.