Alamu za moshi na kaboni monoksidi, nyumba ya vyumba 3 Buhongwa, Mwanza: zifungwe ngapi na wapi?

Mjenzi_Buhongwa

Wakuu, habari za jioni. Nyumba ina vyumba 3 vya kulala, ipo hatua ya kupitisha nyaya za umeme, dari la jipsamu bado halijapigwa. Vyumba 2 viko kwenye korido ya mita 6, masta iko ng'ambo ya sebule. Jiko liko ndani na linatumia gesi ya mtungi. Mkaa unawashwa kibaraza cha nyuma, ila mvua ikikolea jiko la mkaa huingizwa ndani. Stoo ina betri za sola na haitapigwa dari, ni bati tupu. Fundi anasema alamu 2 za moshi zinatosha, moja sebuleni na moja jikoni, zote za betri. Wenye ujuzi, amesema kweli?

Fundi_Nyakato

Mkuu, umeuliza kabla dari halijafunga njia, na hilo litakuokolea gharama.

Ya moshi jikoni iondoe kabisa. Sangara akikaangwa italia, kesho italia tena, na wiki haiishi kuna mtu kapanda kiti kachomoa betri. Jikoni inafungwa alamu ya joto, ambayo hulia hewa ya darini ikifika karibu nyuzi 58 za selsiasi. Alamu za moshi weka moja katikati ya korido, moja sebuleni upande wa mlango wa masta, na moja kila chumba cha kulala. Jumla ni 5 za moshi na 1 ya joto. Kipimo tunachotumia ni kwamba pasiwe na kona iliyo zaidi ya mita 7.5 kutoka alamu ya moshi, au mita 5.3 kutoka ya joto. Korido yako ya mita 6 moja inaitosha.

Nunua zinazotumia mwanga, zile zenye taa ndogo ndani na jicho linaloona mwanga ukitawanywa na moshi. Zile za ayoni, zenye punje ya amerisiamu (madini yenye mionzi), huwahi moto wenye miali, lakini huchelewa godoro la sponji linapofukuta polepole, na ndivyo mioto mingi ya usiku chumbani inavyoanza. Tena za ayoni husumbuliwa zaidi na mapishi.

Darini ziache sentimita 30 kutoka ukutani na kutoka kwenye taa, na mita 1 kutoka ncha za pangaboi, kwa sababu upepo wake huusukuma moshi pembeni. Zikae mbali pia na mlango wa bafu la maji ya moto, maana mvuke huzidanganya.

Kuhusu nyaya, zipitishe sasa. Chukua alamu za volti 230 zenye betri ya akiba, zilizounganishwa ili moja ikilia zote zilie. Mlango wa masta ukifungwa, alamu ya korido peke yake haimwamshi mtu aliyelala fofofo. Utahitaji waya wa milimita za mraba 1.5 wenye layini, nyutro, wa mawasiliano (unaozifanya zilie pamoja) na wa ethi. Umeme uchukue kwenye sakiti ya taa, kabla ya swichi. Ukizipa breka yake peke yake, inaweza kuanguka ikakaa miezi hakuna aliyejua, lakini taa zikizimika utajua usiku huohuo. Units za Luku (umeme wa kulipia kabla) zikiisha, betri ya akiba inashika zamu.

Kosa linalounguza vifaa ni waya wa mawasiliano kugusishwa na layini. Hapo alamu zote zinaweza kufa kwa mpigo. Rangi za waya hizi hubadilika kwa kila kiwanda, kwa hiyo usiziamini. Funga selotepu ya rangi moja kwenye waya wa mawasiliano katika kila pointi, kisha hakiki kwa testa. Acha sentimita 15 za ziada zining'inie kila pointi. Alamu zote ziwe za kampuni moja, za kampuni tofauti hazielewani. Kazi hii apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Na jambo linaloharibu kazi nzuri: alamu zisifungwe kabla jipsamu haijapigwa msasa na rangi kukauka. Vumbi lile jeupe likiingia kwenye chumba cha jicho, alamu italia ovyo maisha yake yote. Kwa sasa funga vitako vya alamu tu.

Usalama_Kirumba

Naongezea kwenye mkaa, kwa sababu hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko yote uliyoyataja, na fundi wako hakupagusa.

Alamu ya moshi haiioni kaboni monoksidi. Mkaa ukishakolea ukawa mwekundu, moshi haupo, watu wanadhani sasa uko salama kuingizwa ndani, kumbe sumu ndiyo inatoka. Haina harufu wala rangi, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala huzidi kulala. Kwa hiyo unahitaji alamu za kaboni monoksidi: moja jikoni, kati ya mita 1 na 3 kutoka jiko linapowekwa, na moja kila chumba cha kulala, usawa wa kichwa cha mtu aliyelala kitandani.

Wengi huifunga karibu na sakafu wakidhani hewa hii inatambaa chini. Sivyo. Ni nyepesi kidogo kuliko hewa ya kawaida, na ikitoka kwenye moto hupanda kwanza, kisha husambaa chumba kizima. Inayotambaa chini ni gesi ya mtungi, na hiyo ina kitambuzi chake, kinachofungwa sentimita 15 hadi 30 kutoka sakafuni. Hivyo vifaa viwili havibadilishani kazi.

Usishangae isipolia papo hapo. Kwa kiwango cha Ulaya cha EN 50291, ikipima sehemu 50 za sumu hiyo kwa milioni ya hewa hulia baada ya dakika 60 hadi 90, sehemu 100 baada ya dakika 10 hadi 40, na sehemu 300 ndani ya dakika 3. Angalia namba hiyo ya kiwango mgongoni kabla hujalipa.

Stoo usifunge ya kaboni monoksidi. Betri za risasi na asidi zikichajiwa hutoa hidrojeni, na hidrojeni huidanganya sensa ikalia bure. Bati nalo lina shida yake: mchana joto chini yake huzidi nyuzi 40, ambazo ndizo mwisho wa joto linalovumiliwa na alamu nyingi, na tabaka lile la hewa moto huzuia moshi usifike juu. Piga hata kipande cha dari hapo, kisha ufunge ya moshi.

Alamu hizi si ruhusa ya kuingiza mkaa, mkuu. Ezeka kibaraza. Na jenereta, kama ipo, ikae mita 6 kutoka dirishani.

Mjenzi_Buhongwa

Nashukuru sana wakuu, kibaraza nitaezeka. Swali la mwisho: wale wadudu wa ziwani wakija kama wingu, hawataziingia? Na nitajuaje kama zinafanya kazi?

Fundi_Nyakato

Wataingia, ndiyo maana nimesema sentimita 30 kutoka kwenye taa, wao hufuata mwanga. Chagua zenye wavu laini ndani. Wakati wao ukifika, funga madirisha kabla ya kuwasha taa, na kila mwezi pitisha brashi laini kwenye matundu. Usizipulizie dawa ya wadudu, huharibu sensa za aina zote mbili.

Kujaribu: bonyeza kitufe cha alamu moja, zote zilie. Kisha zima meni swichi ubonyeze tena, hapo unapima betri. Usichome karatasi chini yake, masizi huiziba. Ikilia "twiti" moja kila baada ya dakika moja hivi, betri imechoka.

Usalama_Kirumba

Kitufe cha ile ya kaboni monoksidi hupima sauti na saketi tu, sensa hakiigusi. Kwa hiyo tarehe ya mwisho ndiyo ya kuangalia: za moshi miaka 10, za kaboni monoksidi nyingi ni 7. Iandike ubavuni kwa kalamu ya wino mzito siku ya kufunga.

Zikilia, tokeni nje wote kwanza, hesabianeni, ndipo upige 114, namba ya Zimamoto. Mwenye kichwa kinachouma, kizunguzungu au kichefuchefu apelekwe hospitali hata kama akipata hewa anasema amepona. Na kwa kuwa nyumba bado inajengwa: grili ya dirisha moja kila chumba iwe ya kufunguka kwa ndani, ufunguo ukitundikwa pale pale, mbali na mkono wa anayepita nje.