Mjadala: Jumuiya ya maji inunue kontrola ya pampu bila kupewa faili la programu?

Fundi, Ujiji: Ndugu zangu, jumuiya yetu ya maji inataka kununua kontrola tatu, yaani vifaa vya kuendesha pampu za sola, na wajumbe wamegawanyika. Wengine wanataka mkataba umbane muuzaji atuachie faili la programu iliyomo kwenye chipu. Wengine wanasema hayo ni ya mafundi, maji kwanza. Mimi niko na wale wa faili.

Mwaka jana niliitwa kijiji kimoja kando ya ziwa. Kontrola ilikuwa imefanya kazi miaka tisa, siku moja ikawa kimya. Umeme unafika, bodi haina alama ya kuungua. Chipu ilikuwa imefungwa isisomeke. Kwa ruhusa ya wajumbe nikaifuta, nikaiandikia programu fupi ya kuwasha na kuzima taa. Taa ikawaka! Chipu nzima, kilichopotea ni programu tu. Muuzaji hapatikani tena. Kina mama wakachota ziwani wiki saba, hadi kontrola mpya ilipofika.

Flashi, yaani kumbukumbu ya chipu inayotunza programu, ni kama mtungi wa udongo. Kila biti, yaani kila 0 au 1 ya programu, ni elektroni zilizofungiwa nyuma ya ukuta mwembamba wa oksidi, nazo huvuja kidogo kidogo, na joto huharakisha. Kuisoma kila siku hakuzirudishi. Mpaka uandike upya. Na sisi tunazifunga ndani ya sanduku la bati, juani.

Mwalimu wa fizikia, Tabora: Fundi, pole na kazi, lakini hapo unaisingizia flashi. Chukua chipu ya ATmega328P, ile ya bodi ya kujifunzia ya Arduino Uno. Mtengenezaji anaipa miaka 20 ya kutunza data kwenye nyuzi 85, miaka 100 kwenye nyuzi 25, na uwezekano wa kupoteza data katika muda huo anauweka chini sana ya moja kwa milioni. Hata sanduku la bati la Urambo mwezi wa Oktoba halikai nyuzi 85 usiku na mchana. Miaka tisa ni mapema mno.

Mimi nashuku umeme mdogo. Paneli isiyo na betri, alfajiri volti zinapanda polepole, jioni zinashuka polepole, katikati mawingu. Volti zikiwa chini ya kiwango prosesa, sehemu ya chipu inayotekeleza programu, hukosea amri, na chipu inayoweza kujiandikia inaweza kuharibu programu yake yenyewe. Kinga ya volti ndogo, inayoisimamisha chipu volti zikishuka mno, imo ndani ya chipu, ni kuiwasha tu. Mkataba udai hiyo. Ukidai faili, wauzaji wazuri watakukimbia, maana hilo ndilo jasho lao.

Fundi, Ujiji: Mwalimu, nakushukuru. Pampu ile kweli haikuwa na betri. Chipu bado ninayo, na mpangilio wa kinga haufutiki pamoja na programu, kwa hiyo nimeuangalia leo: ulikuwa umezimwa. Basi kinga iingie kwenye mkataba, tena iwe ya kwanza.

Lakini faili siliachii. Iwe ni joto, iwe ni volti, programu ikishaharibika dawa ni moja, kuiandika tena, na kazi hiyo ni ya dakika chache ukiwa nayo. Jasho la muuzaji naliheshimu. Hatumwombi programu kama alivyoitunga, tunaomba faili la heksi, lililokwisha kugeuzwa lugha ya mashine. Akiogopa kunakiliwa, likae kwenye bahasha yenye lakiri kwa meneja wa wilaya wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, ifunguliwe muuzaji asipojibu kwa siku 14.

Na lisiwekwe kwenye flashi diski peke yake, kwani nayo ni mtungi ule ule. Programu ya kilobaiti 32 ukiichapa ni kurasa kama 40. Zitoboe, zitie kwenye jalada la jumuiya pamoja na hati ya kisima.