Betri inakufa usiku: ninunue mpya, nibadilishe altaneta au nimlipe fundi atafute hitilafu?

Kibada_Kwetu: Wakuu, habari zenu. Gari jioni liko vizuri, asubuhi stata inalia ta-ta-ta tu. Nikibustiwa linawaka na kutembea siku nzima. Muuza betri anasema ninunue mpya. Fundi wa mtaani anasema altaneta, na anayo yuzdi. Mwingine anataka hela ya kutafuta tu, matengenezo mbali. Hela yangu inatosha jambo moja. Nianze na lipi?

Ngamia_Mweupe: Gari gani mkuu? La mwaka gani? Betri ina umri gani? Kuna alamu, redio ya kufungisha, treka? Bila hayo tunapiga ramli.

Dada_Chuma: Na taa ya betri kwenye dashibodi inazimika injini ikiwaka?

Kibada_Kwetu: Corolla 110 ya 1998. Taa inazimika. Betri nililikuta nayo gari. Alamu ipo, alifunga mwenye gari wa kwanza.

Spana_10: Usinunue kitu. Pima kwanza. Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima isome karibu volti 12.6. Ikiwaka, kwenye temino upate 13.8 hadi 14.4. Ukipata hiyo, altaneta inachaji. Kisha zima kila kitu, fungua temino hasi, weka mita upande wa ampea 10 kati ya temino na waya, subiri kama dakika 20. Ikizidi 0.05 kuna kitu kinakula umeme. Chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Ila usipige stata mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya mita.

Mzee_Land_Cruiser: Altaneta inaweza kuchaji vizuri na bado ikavujisha usiku, daiodi zake zinazozuia umeme wa betri usirudi nyuma zikichoka. Alfajiri kabla hujawasha, iguse. Ikiwa vuguvugu wakati injini ni ya baridi, umempata mwizi.

Dada_Chuma: Mimi nasema taa ya buti. Swichi yake ikikwama inawaka usiku kucha na huioni.

Spana_10: Dada, taa ya wati 5 inakula kama ampea 0.4. Saa 10 ni ampea-saa 4, yaani Ah 4. Betri nzima ya Ah 45 haiwezi kulala kwa hiyo.

Dada_Chuma: Betri nzima, sawa. Ya kwake unajua iko nzima?

Tanga_Raha: Ndugu, kuwa makini na mafundi wa kubahatisha. Escudo yangu ilikuwa na shida kama hiyo. Fundi hakushika mita hata mara moja. Akakata nyaya chini ya dashibodi, akaziunga kwa kusokota na selotepu. Fyuzi moja ilikuwa inaungua kila mara, yeye akaweka kipande cha waya wa shaba mahali pake, akaniambia sasa haitaungua tena. Ni kweli, fyuzi haikuungua, zikaungua nyaya. Nilikuwa njiani kwenda Korogwe na mama yangu, moshi ukatoka kwenye usukani, nikakimbilia kufungua temino. Nyaya za upande wa dereva zilikuwa zimeyeyuka na kugandana. Shida yenyewe ilikuwa rilei, ile swichi ya umeme, ya alamu. Fundi asiye na mita msimpe gari, nawaomba.

Ngamia_Mweupe: Pole sana. Waya badala ya fyuzi ni kuchoma gari.

Mzee_Land_Cruiser: Akifika kwenye altaneta asichukue yuzdi. Bora apeleke yake ibadilishwe daiodi na kaboni.

Bodi_Ya_Zamani: Sikubali. Yuzdi ya Japani inadumu kuliko mpya za bei rahisi. Muhimu ipimwe mbele yako kabla hujatoa hela.

Mzee_Land_Cruiser: Dukani wanaipima bila mzigo. Hiyo si kupima.

Kibada_Kwetu: Nimeazima mita. Asubuhi betri ilisoma 11.4. Nikaichaji, nikaunga mita kama alivyosema Spana_10: 0.38. Fyuzi zote za ndani nimechomoa, haishuki.

Dada_Chuma: 0.38! Buti hiyo.

Spana_10: Inaweza. Chomoa fyuzi ya DOME, ya taa za ndani na buti, angalia boksi la chini ya boneti. Ila 0.38 tu kuilaza betri usiku mmoja? Basi na betri yenyewe imechoka.

Kibada_Kwetu: DOME nimechomoa. Iko palepale.

Tanga_Raha: Alamu za kufungisha mara nyingi hazipiti kwenye boksi la fyuzi. Tafuta waya mwembamba mwekundu uliofungwa moja kwa moja kwenye temino chanya, uufuate unakoingia.

Mzee_Land_Cruiser: Au autoe ule waya mnene wa altaneta kwanza. Temino hasi iwe imefunguliwa, tafadhali.