Wauaji wapewe kurasa?

Mwanatanga: Nimemaliza kitabu *Une saison de machettes* (Msimu wa mapanga, 2003) cha Mfaransa Jean Hatzfeld. Wauaji 10 wa Nyamata, Rwanda, wakiwa gerezani Rilima, wanasimulia walivyokwenda kuua majirani zao Watutsi mwaka 1994 kama waendao shamba. Usingizi umenikataa. Ni halali kuwapa kurasa zote hizo?

Kibarua: Halali kabisa. Manusura alijificha kwenye mafunjo ya kinamasi. Angejuaje yaliyopangwa asubuhi uwanja wa mpira? Aliyekuwepo pale ni muuaji.

Mama Neema: Manusura 14 walishasema katika kitabu cha Hatzfeld huyohuyo cha mwaka 2000. Hicho hamkitaji! Mnakimbilia cha mapanga.

Kibarua: Dada, hunijui. Nimekisoma, tena kwa Kifaransa.

Mzee wa Goma: Hapo kwenye "tena kwa Kifaransa" ndipo umenichoma. Ufaransa iliibeba serikali ya Rais Habyarimana wa Rwanda, leo tunajisifu kusoma vifo vile kwa lugha yake? Waliokufa walilia kwa Kinyarwanda.

Kibarua: Shikamoo Mzee. Sasa Scholastique Mukasonga, Mnyarwanda aandikaye kwa Kifaransa, atubu kwa lipi? Yuko Ufaransa tangu 1992, na ndugu zake wameuawa Nyamata hiyohiyo. Katika kitabu chake *Inyenzi* amewataja kwa majina. Ni kaburi lao lile, na Wafaransa walistahili kulisoma. Hata tuzo ya Goncourt wakampa.

Mwanatanga: Renaudot, 2012. Na ni kwa riwaya yake *Notre-Dame du Nil*.

Kibarua: Sawa, Renaudot. Hoja iko palepale.

Mzee wa Goma: Marahaba. Mama huyo simgusi, ana wafu wake. Nazungumzia waliotoka mbali. Boubacar Boris Diop, Msenegali, alikwenda Rwanda 1998 na waandishi wenzake, akaandika riwaya ya *Murambi* kwa Kifaransa. Mwaka 2003 akatoa riwaya ya *Doomi Golo* kwa Kiwolofu, lugha ya kwao. Rwanda ndiyo iliyomrudisha kwenye lugha hiyo, kasema mwenyewe.

Mama Neema: Na 2009 akaileta kwa Kifaransa kwa mkono wake mwenyewe, Mzee. Hilo mbona umeliruka?

Mzee wa Goma: Sikuliruka. Kiwolofu kilitangulia, binti yangu. Kutangulia ndiko ninakokupigania.

Mwanatanga: Jamani, niliuliza habari ya wauaji.

Mama Neema: Mdogo wangu, anza na wale 14, ndipo uwarudie wauaji ukipata nguvu. Mimi niliishia nusu, na sitawarudia.