Tom Tryon aliachaje uigizaji akawa mwandishi?

Kinyonga_Mweusi:
Wakuu habari za mda huu. Juzi nimemaliza riwaya ya kutisha inaitwa The Other, ya 1971, usingizi ukakata kabisa, nikaanza kumtafuta mtunzi ni nani nakuta picha ya jamaa mtanashati kama staa wa muvi, kumbe ni staa kweli, Tom Tryon, kauboi wa kwenye tivii! Ilikuwaje mtu aache hela ya kamera akajifungie kuandika? Anayemjua anipe mkanda mzima.

MzeeWaKaseti:
Mkuu umenigusa hapo. Tryon kazaliwa 1926 Hartford, Connecticut, vita ya pili akawa jeshi la majini, baadae sana Disney wakampa Texas John Slaughter, hiyo ndo kofia ya kauboi aliyovaa kuanzia 1958 mpaka 1961. Kilichomvunja ni The Cardinal ya 1963. Dairekta alikuwa Otto Preminger, mzee ana mdomo huyo, anamfokea mbele ya kila mtu, na inasimuliwa kuna siku alimfukuza kazi wazazi wake wamekuja kumtembelea wako palepale wanaangalia, alipoona kashadhalilika vya kutosha akamrudisha. Hebu fikiria mama yako kasimama pale! Akapata nominesheni ya tuzo ya Golden Globe lakini hamu ilishamtoka, akajikongoja miaka kadhaa kisha akabwaga manyanga. Tena kabla ya hapo 1962 alikuwa kwenye ile muvi ya Marilyn Monroe ambayo haikuisha mpaka leo, nuksi tupu.

BintiKurasa:
Mzee kamaliza historia ila mi nataka turudi kwenye kitabu. Mnamkumbuka bibi Ada, yule Mrusi? Anamfundisha mjukuu wake Niles "mchezo", dogo anakitolea macho kitu mpaka anajihisi yeye ndo kile kitu, akiangalia ndege anaruka nae. Sasa si ndo kazi ya mwigizaji hiyo? Kwangu mimi huyu hakuacha kuigiza, alihamia kwenye karatasi tu ambako hakuna wa kumfokea. Na muvi yake ya 1972 skripti kaandika mwenyewe, halafu bibi akachezwa na Uta Hagen, ambae New York alikuwa mwalimu wa kufundisha watu kuigiza, nilipogundua hilo nilicheka peke yangu kama chizi.

Kinyonga_Mweusi:
Dah dada umenifumbua macho, ule mchezo niliupita harakaharaka. Nianze kipi kingine?

MzeeWaKaseti:
Harvest Home, 1973. Walikitengenezea tamthilia ya tivii 1978 wakamweka Bette Davis. Kuna na Crowned Heads ya 1976, humo kuna hadithi ya Fedora ambayo dairekta Billy Wilder aliitengenezea muvi. Jamaa kafariki 1991 ana miaka 65.

BintiKurasa:
Harvest Home inachelewa kuwaka jamani, mwanzoni ni mahindi mahindi mahindi. Vumilia. Ila usiisome ukiwa mgeni kijijini kwa watu.