Je, ruta ya nyumbani izimwe kila usiku au iachwe ikiwaka muda wote?

Muulizaji

Ndugu zangu, nyumbani kwetu tumegawanyika kuhusu jambo linaloonekana dogo. Mama, ambaye hawezi kulala kabla hajachomoa kila plagi, huizima ruta, kile kifaa kinachotugawia intaneti, saa nne usiku na kuiwasha asubuhi. Kaka yangu naye anashikilia kwamba kuizima na kuiwasha kila siku ndiko kunakoiua. Juzi usiku niliigusa nikaikuta ina joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa, nami nikaingiwa na wasiwasi. Je, kuiacha ikiwaka saa 24 kunaichakaza, kunakula umeme mwingi, au kunaweza kuleta moto? Na je, watoto wanaolala chumba cha pili wanadhurika na mawimbi yake?

Fundi wa mitandao

Mfikishie mama shikamoo yangu, kwa sababu hofu yake ina msingi, ingawa ruta si pasi. Ni kifaa kilichoundwa kuwaka mfululizo kwa miezi, na nyingi za nyumbani hutumia kati ya wati 5 na 20. Tukichukua wati 10, kwa siku nzima inakula wati-saa 240, yaani kiasi kile kile ambacho birika la umeme la wati 2,000 hukimaliza kwa dakika saba hivi. Kwa siku 30 ni uniti saba na ushei. Ukiizima kwa muda wa saa nane kila usiku unaokoa theluthi moja tu ya hizo, na kama hiyo ndiyo sababu yenu, kuna vifaa vingine ndani ya nyumba vya kuanza navyo.

Kinachoichakaza hasa ni joto. Ndani ya ruta na ndani ya adapta yake mna kapasita, yaani visehemu vidogo vya kutunza chaji ya umeme, zenye kimiminika ambacho hukauka polepole, na kanuni wanayoitumia mafundi ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa kapasita hizo hupungua kwa takriban nusu. Ndiyo maana ruta iliyofungiwa kabatini, au iliyobebana na king'amuzi kinachochemka, hufa mapema kuliko ile iliyowekwa wazi, hata kama zote mbili zimewaka muda ule ule. Uvuguvugu ulioushika ni wa kawaida. Usio wa kawaida ni adapta isiyoshikika kwa moto, harufu ya plastiki inayoungua, au plagi iliyobadilika rangi. Ukiona mojawapo ya hayo, zima kwanza, kisha ndipo uulize.

Kaka yako naye ana sehemu ya ukweli. Kuzima kwa swichi mara moja kwa siku hakuiui ruta, bali kinachoiumiza ni umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, na dhidi ya huo kinga ya umeme kwenye soketi husaidia zaidi kuliko mjadala wowote. Hata hivyo, kama intaneti yenu inapita kwenye waya wa shaba wa simu, mitambo ya baadhi ya watoa huduma huhesabu kila muunganisho unaokatika, na ikiona unakatika mara kwa mara huenda ikadhani waya ni mbovu na kuwapunguzia kasi. Faiba haina tatizo hilo. Vilevile, ruta nyingi hupakua masasisho yake usiku wa manane, na ukiizima kila usiku huenda ikakosa marekebisho ya usalama, au mbaya zaidi, ukaikatia umeme katikati ya kuyaandika.

Mzazi wa watatu

Naomba kutofautiana kidogo. Sisi tunazima Wi-Fi kuanzia saa tatu usiku, si kwa ajili ya umeme wala mawimbi, bali kwa ajili ya usingizi wa watoto, na hatuchomoi chochote: kwenye mipangilio ya ruta kuna ratiba inayozima antena peke yake huku kifaa chenyewe kikibaki hewani. Ama kuhusu mawimbi, hayo ni ya redio, hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama miale ya eksirei, na hufifia haraka kadiri unavyosogea mbali na antena. Mtoto aliye chumba cha pili hana cha kuogopa.

Mlinzi wa mifumo

Niongeze moja tu: kuizima kila usiku ni jambo jingine, na kuiwasha upya inapohitajika ni jambo jingine. Mei 2018 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, iliwaomba wenye ruta waziwashe upya kwa sababu ya programu hasidi iliyoitwa VPNFilter, iliyokuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000. Kuwasha upya kuliondoa sehemu zilizokaa kwenye kumbukumbu ya muda, lakini mzizi wake ulibaki. Kwa hiyo msiitegemee swichi kama ulinzi. Badilisheni nywila ya kiwandani na ruhusuni masasisho.

Muulizaji

Nimewasomea wote nyumbani, tena kwa sauti. Nilipokwenda kuiangalia ruta nikaikuta nyuma ya televisheni, juu ya king'amuzi, imefunikwa kitambaa cha kuzuia vumbi. Nimekiondoa, nimeihamishia kwenye rafu iliyo wazi, na jioni hii nilipoigusa ilikuwa imepoa sana. Mama amekubali iwake usiku, ila anasema radi ikianza atachomoa tu.

Fundi wa mitandao

Hapo yuko sahihi kabisa, na vivyo hivyo mkisafiri kwa wiki nzima. Ila achomoe mawingu yanapokusanyika, asingoje ngurumo ziwe juu ya paa, kwa maana wakati huo si salama kushika nyaya. Kama ni waya wa shaba, achomoe na ule wa simu pia, kwa kuwa radi huingilia njia zote mbili.